SOMO LA 14: Tangi jipya la maji ya bahari na mzunguko wa naitrojeni

Utangulizi

Jina la Mohoro umelikuta kwanza katika somo la Historia. Ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti 1905, mara tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Leo tunarudi Mohoro kwa sababu nyingine ya maji, yaani maji chumvi na viumbe wanaoishi ndani yake.

Mohoro upo upande wa kusini wa delta ya mto Rufiji. Katika delta hii maji baridi ya mto hukutana na maji ya bahari katikati ya misitu ya mikoko. Bahari inapojaa, chumvi hupanda ndani ya mikono ya mto. Bahari inapokupwa, au mvua za masika zinapokolea, maji baridi huisukuma chumvi kurudi nje. Kamba, kaa koko na mwatiko wamezoea mabadiliko hayo. Ndiyo maana sehemu nyingi za pwani yetu watu hufuga mwatiko katika mabwawa na kunenepesha kaa katika vizimba.

Sasa tazama mkasa huu. Tuseme binti wa jirani yenu amepata mkopo wa kikundi. Ananunua tangi la plastiki la lita 1,000, analiosha vizuri, analijaza maji ya bahari masafi, na siku hiyo hiyo anatia vifaranga 200 wa mwatiko. Anawalisha asubuhi na jioni bila kukosa. Siku ya tano anaamka na kukuta vifaranga wanaelea juu. Maji bado ni meupe, unaona hadi chini. Mmoja anasema ni ugonjwa, mwingine anasema ni kijicho. Samaki wamekwisha, deni limebaki.

Ukimaliza somo hili utaweza kumweleza binti huyo ni nini kilichoua samaki wake, na afanye nini kabla ya kununua wengine. Maelezo hayo hayo ndiyo yatakayokupa alama katika swali la mzunguko wa naitrojeni. Karatasi ya Biolojia utaijibu kwa Kiingereza, lakini jambo ulilolielewa kwa lugha yako huwezi kulisahau kwa urahisi.

Malengo

Baada ya kusoma somo hili uweze:

1. Kueleza jinsi amonia inavyobadilika kuwa naitraiti, kisha naitreti.
2. Kutaja kwa mpangilio hatua za kutayarisha tangi la maji ya bahari.
3. Kusoma jedwali la vipimo na kueleza kinachotokea.
4. Kukokotoa kiasi cha chumvi katika maji.
5. Kutumia maarifa haya katika ufugaji wa viumbe wa maji chumvi.

14.1 Kwa nini maji masafi yaliua samaki?

Kila kiumbe anayekula protini hubaki na naitrojeni ya ziada. Binadamu huitoa kama yurea katika mkojo. Samaki wengi huitoa kama amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza, navyo hutoa amonia.

Baharini amonia hiyo haina madhara makubwa kwa sababu maji ni mengi, yanatembea, na mchanga na mawe yamejaa bakteria wanaoibadilisha. Ndani ya tangi jipya hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Amonia haina rangi, na ikiwa kidogo huwezi hata kuisikia harufu. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa meupe na wakati huo huo yakawa sumu. Usiyapime maji kwa macho.

Amonia huwa majini katika hali mbili:

- Amonia yenyewe (NH₃). Hii hupenya kwa urahisi katika utando wa seli. Huharibu matamvua na kuvuruga mfumo wa neva.
- Ioni ya amoniamu (NH₄⁺). Hii hupenya kwa shida, hivyo sumu yake ni ndogo zaidi.

Hali hizi mbili hubadilishana kulingana na pH na joto. pH ikipanda kwa kizio kimoja, sehemu ya NH₃ huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.1, wakati maji mengi ya mito na visima huwa karibu na 7. Kwa hiyo kiasi kile kile cha amonia ni hatari zaidi katika maji ya bahari. Ongeza hapo joto la pwani na utaona kwa nini tangi la binti yule halikuvumilia hata wiki moja.

14.2 Bakteria wanaofanya kazi

Kazi ya kubadili amonia hufanywa na makundi mawili ya bakteria, moja baada ya jingine.

*Hatua ya kwanza.* Bakteria kama *Nitrosomonas* huoksidisha amonia kuwa naitraiti:

2NH₃ + 3O₂ → 2NO₂⁻ + 2H⁺ + 2H₂O

*Hatua ya pili.* Bakteria kama *Nitrobacter* huoksidisha naitraiti kuwa naitreti:

2NO₂⁻ + O₂ → 2NO₃⁻

Katika milinganyo hii kuna mambo matatu ambayo watahini hupenda kuyauliza.

(a) Oksijeni inahitajika katika hatua zote mbili. Pampu ya hewa ikizimika, samaki wanakosa hewa na bakteria nao wanasimama kazi. Maji ya moto huhifadhi oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na maji chumvi kidogo kuliko maji baridi ya mto. Tangi la pwani lina hasara hizo zote mbili.

(b) Ioni za hidrojeni (H⁺) huzalishwa. Hivyo pH ya tangi hushuka polepole kadiri siku zinavyopita.

(c) Bakteria hawa hawatumii mwanga. Hupata nishati kwa kuoksidisha amonia au naitraiti, kisha hutumia nishati hiyo kutengeneza chakula chao kutoka kabondaioksaidi. Ni viumbe wanaojitegemea kwa njia ya kemosinthesisi, tofauti na mmea unaotumia fotosinthesisi.

Naitraiti nayo ni sumu. Ikiingia katika damu ya samaki huibadilisha himoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawia. Katika maji ya bahari ioni nyingi za kloraidi hupunguza kuingia kwa naitraiti katika matamvua. Mvua ikinyesha na chumvi ya bwawa la delta ikapungua, kinga hiyo nayo hupungua.

Naitreti haina sumu kali kama hizo mbili. Hata hivyo ikirundikana hudhoofisha viumbe na kuleta mwani mwingi. Huondolewa kwa njia tatu: kubadilisha sehemu ya maji, kufyonzwa na mwani, au kubadilishwa kuwa gesi ya naitrojeni na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, kwa mfano ndani ya tope la mikoko.

Kwa nini tungoje wiki kadhaa? *Escherichia coli* katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa siku moja hiyo ni mara 72. Bakteria wa amonia na naitraiti huhitaji saa nyingi kugawanyika mara moja, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kukomaa. Huwezi kuwaharakisha kwa kuwaombea wala kwa kuwakemea.

14.3 Hatua za kutayarisha tangi

Tuchukue tangi la kioo la maabara ya shule lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 40, na maji ya kina cha sm 45.

Ujazo = 60 × 40 × 45 = sm³ 108,000 = lita 108

Hatua ya 1: Chagua mahali. Lita 108 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 110, bila kuhesabu kioo, mchanga na magamba. Weka tangi juu ya meza imara iliyosawazika. Liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, maana jua hupandisha joto na kuotesha mwani.

Hatua ya 2: Osha bila sabuni. Tumia maji matupu na sifongo mpya. Mabaki ya sabuni huua viumbe. Usitumie chombo cha shaba, kwa sababu hata shaba kidogo sana ni sumu kwa kaa, kamba na matumbawe.

Hatua ya 3: Teka maji mahali panapofaa. Ukiwa Mohoro usiteke maji ya mkono wa mto ukadhani ni maji ya bahari. Hayo ni mchanganyiko, na chumvi yake hubadilika asubuhi na jioni. Teka kwenye ufuko ulio mbali na mdomo wa mto, kwa mfano ufuko wa bahari wazi kusini mwa delta kuelekea Somanga. Teka wakati wa maji kujaa na siku ambayo mvua haijanyesha. Tumia ndoo za plastiki zenye mifuniko, kisha chuja maji kwa kitambaa safi.

Hatua ya 4: Pima chumvi. Pima sm³ 100 za maji, zichemshe katika bakuli la kukaushia hadi maji yaishe, kisha pima uzito wa mabaki. Maji ya bahari wazi huacha karibu gramu 3.5, yaani gramu 35 kwa lita. Ukipata gramu 2, umeteka maji yaliyochanganyika na ya mto.

Hatua ya 5: Weka makazi ya bakteria. Bakteria hawa hujishikiza juu ya vitu kuliko kuelea majini. Kadiri eneo la juu la vitu linavyokuwa kubwa, ndivyo wanavyokuwa wengi. Tandika mchanga safi wa kina cha sm 3 hivi. Juu yake panga magamba ya chaza na kome yaliyokwisha kusafishwa nyama, pamoja na vigae vya chungu. Magamba ni kalisiamu kabonati. pH ikishuka, huyeyuka kidogo kidogo na kupunguza asidi:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + CO₂ + H₂O

*Angalizo:* Usivunje matumbawe baharini kwa ajili ya tangi. Matumbawe ni wanyama hai, yanakua polepole, na yanalindwa na sheria. Magamba na vigae vinatosha kabisa.

Hatua ya 6: Washa pampu. Hewa ipite usiku na mchana. Umeme ukikatika mara kwa mara, tafuta pampu ndogo ya betri ya akiba.

Hatua ya 7: Lisha bakteria kabla ya samaki. Funga kamba mmoja mbichi katika kitambaa chepesi, umtie majini. Ataoza na kutoa amonia. Unaweza pia kuongeza kiganja cha mchanga kutoka tangi lililokomaa, ili kuleta mbegu ya bakteria. *Usitie samaki yeyote katika hatua hii.*

Hatua ya 8: Pima na uandike. Kila baada ya siku chache pima amonia, naitraiti na naitreti kwa kipimo cha matone kinachobadili rangi. Andika tarehe na vipimo katika daftari.

Hatua ya 9: Tia viumbe kidogo kidogo. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri na naitreti ikaonekana, tangi limekomaa. Badilisha sehemu ya maji, kisha anza na kiumbe mmoja au wawili. Ongeza baada ya wiki kadhaa, ili bakteria wapate muda wa kuongezeka pamoja na mzigo mpya.

14.4 Kusoma jedwali la vipimo

Takwimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Vipimo vyote ni miligramu za naitrojeni kwa lita. Zoezi linachukulia kuwa amonia yote ilitiwa siku ya kwanza.

| Siku | Amonia | Naitraiti | Naitreti |
|---|---|---|---|
| 0 | 2.0 | 0.0 | 0.0 |
| 7 | 1.8 | 0.2 | 0.0 |
| 14 | 0.8 | 1.1 | 0.1 |
| 21 | 0.1 | 1.3 | 0.6 |
| 28 | 0.0 | 0.5 | 1.5 |
| 35 | 0.0 | 0.0 | 2.0 |

Soma jedwali kwa kushuka chini, kisha kwa kukata upande.

*Kushuka chini.* Amonia inapungua tangu mwanzo hadi mwisho. Naitraiti inapanda, inafika kilele karibu na siku ya 21, kisha inashuka. Naitreti inachelewa kuonekana, halafu inapanda hadi mwisho. Naitraiti hupanda kwanza kwa sababu kundi la pili la bakteria haliwezi kuongezeka kabla ya kundi la kwanza kulitengenezea chakula.

*Kukata upande.* Jumlisha kila mstari. Siku ya 14: 0.8 + 1.1 + 0.1 = 2.0. Siku ya 28: 0.0 + 0.5 + 1.5 = 2.0. Kila siku jumla ni ile ile. Naitrojeni haikupotea, imebadilika umbo tu. Mtahiniwa anayeliona hili anaonyesha kwamba ameelewa neno "mzunguko".

*Mtego wa siku ya 28.* Mtu mwenye kipimo cha amonia peke yake angesema tangi liko tayari, kwa kuwa amonia ni sifuri. Lakini naitraiti bado ipo. Pima vyote viwili kabla ya kutoa uamuzi.

14.5 Hesabu ya chumvi na maji yanayokauka

Tangi letu lina lita 108 zenye gramu 35 za chumvi kwa lita.

Chumvi yote = 108 × 35 = gramu 3,780

Baada ya siku kadhaa lita 8 zimekauka. Maji huondoka kama mvuke, chumvi hubaki.

Chumvi kwa lita = 3,780 ÷ 100 = gramu 37.8

Sasa ujazie nini? Wengi hujibu, "Maji ya bahari, kwa kuwa ni tangi la bahari." Tupime jibu hilo. Lita 8 za maji ya bahari zinaleta gramu 8 × 35 = 280.

Chumvi mpya = 3,780 + 280 = gramu 4,060
Chumvi kwa lita = 4,060 ÷ 108 = gramu 37.6

Chumvi haikurudi mahali pake. Ukirudia hivyo kila wiki, itaendelea kupanda hadi viumbe wafe. Ukijazia lita 8 za maji baridi, unapata 3,780 ÷ 108 = gramu 35 kwa lita, kama mwanzo. Kwa hiyo kilichokauka hujaziwa kwa maji baridi, hasa ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza, kwa sababu klorini huua bakteria wako. Maji ya bahari hutumika pale unapo*toa* maji ya tangi na kuyabadilisha.

*Swali linaloulizwa mara nyingi:* Je, naweza kuyeyusha chumvi ya jikoni katika maji ya kisima? Hapana. Chumvi ya jikoni ni sodiamu kloraidi karibu tupu. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, salfeti, kalisiamu, potasiamu na kabonati haidrojeni, na viumbe wa bahari huvihitaji hivyo vyote.

14.6 Na matumbawe je?

Mwanafunzi mmoja katika kila darasa huuliza: "Bahari inafika delta, mbona hapa hakuna matumbawe kama ya Mafia?" Swali zuri, na jibu lake lina Ikolojia ndani yake.

Ndani ya tishu za matumbawe yanayojenga miamba huishi mwani wa seli moja. Mwani hufanya fotosinthesisi na kulipa tumbawe sehemu kubwa ya chakula. Tumbawe nalo huupa mwani makazi, kabondaioksaidi na naitrojeni. Huu ni uhusiano wa kufaidiana. Kwa hiyo tumbawe huhitaji maji maangavu yanayopitisha mwanga, chumvi isiyobadilikabadilika, na joto la wastani. Midomo ya Rufiji huleta tope linalozuia mwanga na kuyafunika matumbawe. Mto pia huleta maji baridi yanayopunguza chumvi. Ng'ambo, upande wa visiwa vya Mafia, maji ni maangavu zaidi na miamba inastawi. Ndiyo sababu mojawapo ya kuanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini.

Joto likizidi, tumbawe humfukuza mpangaji wake na kubaki jeupe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi yalikufa kwa njia hiyo, yakiwemo ya Mafia. Funzo kwa mwenye tangi ni kwamba tumbawe ni mgeni wa mwisho kukaribishwa. Tangi ambalo chumvi, joto na naitreti zake hazijatulia kwa miezi, halijawa nyumba ya tumbawe.

14.7 Kutoka tangi hadi bwawa

Kanuni za tangi ndizo za bwawa, ila kwa ukubwa mwingine. Zingatia mambo matatu.

1. *Idadi na chakula.* Samaki wengi na chakula kingi ni amonia nyingi. Chakula kisicholiwa ni hasara ya fedha na sumu juu yake.
2. *Udongo wa mikoko.* Tope la mikoko huwa na madini ya chuma na salfa. Likichimbwa na kukauka, salfa huoksidishwa kuwa asidi ya salfa na pH ya bwawa hushuka sana. Kukata mikoko ili kuchimba bwawa ni kupoteza mara mbili: unapata bwawa bovu na unaharibu malezi ya kamba na samaki wadogo.
3. *Maji machafu.* Maji yenye naitreti nyingi yakimwagwa mkono wa mto, mwani huongezeka. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua. Hofu kama hiyo ilikuwa miongoni mwa hoja za waliopinga mradi mkubwa wa kufuga kamba uliopendekezwa katika delta ya Rufiji miaka ya 1990. Mradi huo haukujengwa.

14.8 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika kwamba bakteria hubadili amonia "ili kusafisha maji". Bakteria hawana nia hiyo. Huoksidisha amonia *kupata nishati*. Maji kuwa salama ni matokeo.
- Kubadilisha nafasi za *Nitrosomonas* na *Nitrobacter*. Kumbuka mpangilio: amonia – *Nitrosomonas* – naitraiti – *Nitrobacter* – naitreti.
- Kuchanganya bakteria hawa na wale wa mizizi ya kunde na maharage. Wale huchukua gesi ya naitrojeni kutoka hewani.
- Kusahau oksijeni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiasi kile kile cha amonia ni hatari zaidi katika tangi la maji ya bahari kuliko katika tangi la maji ya mto? (alama 3)
2. Kwa kutumia jedwali la 14.4, eleza kwa nini mtu asitie samaki siku ya 28. (alama 2)
3. Tangi la lita 200 lina gramu 34 za chumvi kwa lita. Lita 30 zimekauka. Kokotoa chumvi kwa lita sasa, na utaje maji ya kujazia. (alama 4)
4. Panga jaribio la kuonyesha kwamba viumbe hai walio juu ya magamba ndio wanaoondoa amonia. (alama 5)
5. Binti wa jirani aliyepoteza vifaranga 200 anakuja kwako kuomba ushauri. Mweleze chanzo cha vifo na afanye nini. (alama 6)

Majibu

1. Maji ya bahari yana pH kubwa zaidi, karibu 8.1. pH ikiwa kubwa, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa NH₃. NH₃ hupenya utando wa seli kwa urahisi kuliko NH₄⁺.

2. Siku ya 28 naitraiti bado ni 0.5. Naitraiti ni sumu, huizuia himoglobini kubeba oksijeni.

3. Chumvi yote = 200 × 34 = gramu 6,800. Maji yaliyobaki = 200 – 30 = lita 170. Chumvi kwa lita = 6,800 ÷ 170 = gramu 40. Ajazie lita 30 za maji baridi.

4. Andaa vyombo viwili vyenye ujazo sawa wa maji ya bahari yaliyochemshwa na kupoozwa, na kiasi sawa cha amonia. Katika chombo A tia magamba kutoka tangi lililokomaa. Katika chombo B tia magamba ya uzito ule ule kutoka tangi hilo hilo, yaliyochemshwa kwanza ili kuua bakteria. Hiki ndicho chombo cha ulinganisho. Joto na hewa viwe sawa. Pima amonia kila siku. Ikipungua katika A na kubaki ilivyo katika B, viumbe hai ndio walioiondoa.

5. Samaki walitoa amonia, na chakula kilichobaki kikaongeza nyingine. Tangi lilikuwa jipya, halikuwa na bakteria wa kutosha wa kuibadilisha kuwa naitraiti na kisha naitreti. Amonia haionekani, ndiyo maana maji yalikuwa meupe. Kabla ya kununua wengine, aweke mchanga na magamba, awashe pampu, alishe bakteria kwa kamba mmoja anayeoza, na asubiri wiki nne hadi sita huku akipima. Amonia na naitraiti zikiwa sifuri, abadilishe sehemu ya maji na aanze na vifaranga wachache. Awalishe kile wanachomaliza, na aongeze wengine kidogo kidogo.

Soma tena jibu la 5 kwa sauti, kisha funga kitabu na ulieleze kwa mtu wa nyumbani asiyesoma Biolojia. Akikuelewa, uko tayari kwa mtihani. Na kama kweli yupo jirani anayetaka kufuga, mwambie kabla hajachukua mkopo.